Bei zinaposhushwa na sarafu ya jirani

Januari 15, 2015, Benki Kuu ya Uswisi iliacha ghafla kuilinda yuro isishuke chini ya faranga 1.20, kazi iliyokuwa ikiifanya tangu Septemba 2011. Yuro ikaporomoka hadi karibu na faranga moja. Mwaka huo bei za bidhaa na huduma nchini humo zilipungua kwa asilimia 1.1. Wengi huisoma takwimu hiyo kama neema: vya nje vimekuwa rahisi, mshahara uleule unanunua zaidi.

Kwa mnunuzi, sibishi. Lakini tumtazame mwenye kiwanda anayemuuzia Mjerumani mashine kwa yuro 100,000. Jana zilikuwa faranga 120,000; akishatoa 110,000 za mishahara, pango na marejesho ya mkopo, anabaki na 10,000. Leo yuro zilezile ni faranga 100,000 hivi. Mashine ni ileile, mteja ni yuleyule, ila faida ya 10,000 imegeuka hasara ya 10,000. Akipandisha bei, mteja anahama. Inabidi abane ndani, na kweli baadhi ya viwanda vya Uswisi viliongeza saa za kazi bila kuongeza mshahara. Maduka nayo, yalipoona wateja wanavuka mpaka kwenda kununua Konstanz, Ujerumani, yakalazimika kupunguza bei.

Hapo unafuu unaanza kuuma, kwa sababu deni halishuki pamoja na bei. Aliyekopa faranga 500,000 anadaiwa 500,000 zilezile, na kila faranga sasa inapatikana kwa jasho zaidi. Bei zikishuka kwa sababu uzalishaji umerahisishwa, hilo ni jambo jema. Hizi zilishuka kwa sababu sarafu ya mteja ilidhoofika, na Januari 22 Benki Kuu ya Ulaya ikatangaza mpango mkubwa wa kununua hati fungani (hati za madeni, hasa ya serikali) kwa fedha mpya, hatua inayoisukuma yuro chini zaidi.

Wanaopinga wana hoja nzito: uchumi wa Uswisi haukuanguka, na kuilinda yuro kulimaanisha kuinunua na kulimbikiza fedha za kigeni pasipo kikomo. Ila kinga iliyobaki dhidi ya faranga kupanda thamani nayo ilikuwa na gharama. Riba ilishushwa hadi asilimia 0.75 chini ya sifuri, na mifuko ya pensheni ikaumia.

Desemba 2020 Marekani iliitangaza Uswisi kuwa nchi inayochezea sarafu yake, yaani inayoidhoofisha kwa makusudi ili ipate faida katika biashara. Naona haikutendewa haki. Mwaka huohuo bei zake zilikuwa zimeshuka tena, kwa asilimia 0.7.