Isukume Kwanza

Pikipiki kubwa ya kwanza niliyotaka kununua niliiangusha kabla sijaiwasha. Ilikuwa Honda ST1100, ile inayoitwa Pan European, imeegeshwa kwenye ua wa mtu huko Mbezi, imesuguliwa mpaka unajiona uso. Mwenye nayo akaniambia niitoe chini ya mwembe niiangalie juani. Nikashika usukani, nikakunja stendi, nikasukuma hatua tatu, nikataka kuigeuza. Ikaegemea upande wa pili kidogo tu. Hapo ndipo nilipojua kilo 300 ni nini. Haikuanguka kwa kishindo. Ililala taratibu kama ng'ombe aliyechoka, mimi nimeing'ang'ania kama mtu anayezuia ukuta usidondoke.

Honda walijua itaangushwa. Ubavuni, nyuma ya plastiki, wameweka vyuma vya kuipokea ikilala, kwa hiyo kilichokwaruzika ni kifuniko tu. Nikalipa kifuniko, mlinzi akatusaidia kuiinua, nikapanda Boxer yangu ya kilo 120 nikarudi nyumbani nimenyamaza.

Kwa mshahara wa kwetu, hela kubwa ya kwanza ina jina tayari: kiwanja. Ukishafikisha shilingi milioni 12 benki, kila ndugu anajua dalali wa Chanika. Mama yangu, aliyeko Makambako, aliniuliza mara tatu kwenye simu moja, "Mwanangu, pikipiki si unayo?" Sikuwa na jibu zuri. Nilitaka kwenda nyumbani kwa barabara, mwenyewe, nisimame ninapotaka, nisibanwe kwenye basi. Kiwanja changu ningekinunua kikaota majani miaka kumi. Najua hii si hoja ya kumridhisha mzazi, naiandika tu ili msomaji ajue nilipoanzia.

Ukishaamua, vijiwe vya pikipiki kubwa vitakwambia kitu kimoja: nunua injini kubwa, utaizoea. Nabishana nao. Pikipiki ya safari iliyotumika, kama ndiyo kubwa yako ya kwanza, ichague ikiwa imesimama. Isukume, igeuze uani, ipandishe kwenye kilima kidogo injini ikiwa imezimwa. Ikikushinda hapo, achana nayo hata kama inauzwa bei ya bure.

Fikiria barabara yenyewe. Chalinze mpaka Morogoro unapita Bwawani, Ubena Zomozi, Mikese, na kila kijiji kina kibao cha 50 na trafiki mwenye tochi chini ya mti. Ukizidisha ni faini. Injini ya cc 1300 utaitumia wapi? Mikumi kuna kama kilomita 50 za barabara ndani ya hifadhi, matuta, nyani wamekaa katikati ya lami, na twiga akivuka hana habari na wewe. Ukifika Kitonga, semitrela zinapanda kwa mwendo wa mtu anayetembea. Unasimama nyuma yake kwenye mwinuko, mguu mmoja chini, upande mmoja ukuta wa mlima na upande mwingine korongo, unasubiri. Nguvu ya injini hapo haikusaidii. Kinachokusaidia ni mguu unaofika chini na pikipiki unayoweza kuishikilia.

Halafu kuna matuta. Pikipiki nyingi za safari zimetengenezwa kwa barabara za Ulaya: tumbo liko chini, plastiki zimeshuka mpaka karibu na lami. Honda Deauville kwa mfano ni mashine tulivu, inaendeshwa kwa shafti, haina cheni ya kupaka mafuta kila jioni, na naipenda kwa dhati. Lakini ibebeshe abiria na masanduku yaliyojaa, kisha ipitishe kwenye matuta ya vijijini, yale ambayo wananchi huyainua wenyewe baada ya ajali. Na barabara ikiwa kwenye matengenezo unatupwa kwenye njia ya mchepuo, vumbi mpaka kwenye rimu.

BMW R1150RT niliifuata mara mbili, nakiri. Kioo chake cha mbele kinapanda na kushuka kwa kitufe, na anayejua upepo wa Makambako mwezi wa saba anajua thamani ya kitufe hicho. Lakini zile zenye breki za kusaidiwa na pampu ya umeme, ukizima ufunguo breki inabaki na nguvu kidogo sana, lazima ukamue kwa mkono mzima. Maana yake unapoisukuma kwenye mteremko, umezima, ndipo breki ni dhaifu. Na pampu hiyo ikifa, bei yake inaweza kukufanya ukumbuke kile kiwanja. Niliirudisha mahali pake kwa adabu.

Nikaishia kwenye Suzuki V-Strom 650 ya kizazi cha kwanza, kile kilichoanza mwaka 2004. Si nzuri wa sura, nakubali, taa zake mbili zinakutazama kama bundi. Injini ni ya cc 645, tangi linachukua lita 22, na ukienda kistaarabu unatoka Morogoro mpaka Iringa bila kutafuta kituo. Uzito ni kilo mia mbili na kitu, bado ni nyingi, ila niliisukuma, nikaigeuza, nikaipandisha kwenye karo la mwenye nayo bila kumwita mlinzi. Kasoro zake nilizijua: kiti kiko juu, sentimita 82, mfupi atasimamia vidole. Cheni ni namba 525, na duka la spea za bodaboda litakupa 428 na pole. Hiyo lazima uagize mapema, kabla ya kuihitaji.

Sasa ukaguzi. Mengi utayasikia kwa fundi wako, na kama huna fundi wa pikipiki kubwa usinunue kwanza, mtafute yeye. Mimi nitasisitiza matairi, maana hapo nilikaribia kupigwa. Dalali alinionyesha tairi lenye kashata zimejaa, akasema halijatembea. Kweli halikuwa limetembea. Lakini ubavuni, baada ya herufi DOT, kuna tarakimu nne: mbili za wiki na mbili za mwaka. Zilisomeka 2311, yaani wiki ya 23 ya mwaka 2011. Mpira ulikuwa mgumu kama soli ya kiatu cha mkutano. Tairi kuukuu lenye kashata ni baya kuliko kipara, kwa sababu kipara unakiogopa. Na saizi ya mbele ni 110/80 ya rimu 19, si kitu cha kuokota Kariakoo asubuhi moja, kwa hiyo bei ya jozi nzima niliikata kwenye bei ya pikipiki palepale.

Jingine ni injini baridi. Mwambie muuzaji asiiwashe mpaka ufike, na ukifika iguse. Ikiwa ya moto, muulize ilikuwa inakwenda wapi. Volti za betri zipimwe inaponguruma, zikaribie 14. Inua gurudumu la mbele uzungushe usukani, ukihisi unanasa katikati, beringi zimekwisha. Tazama ncha za klachi na breki, mikwaruzo ya kuanguka hukaa hapo hata ikipigwa rangi mpya. Namba ya chesisi usomewe na chuma chenyewe, si picha ya kadi kwenye simu.

Na maneno ya dalali yaache yapite. "Ilikuwa ya mzungu." "Padri alikuwa anaitumia Jumapili tu." Tanzania hii mapadri wangekuwa na pikipiki nyingi kuliko parokia.

Mwezi wa saba nilikwenda nayo nyumbani. Nililala Iringa kwa sababu giza lilinikuta, na zaidi ya Mafinga vidole viliganda ndani ya glavu. Mama alitoka na kanga mabegani. Nikamwamkia, akaitikia huku anaizunguka mashine, akagusa masanduku ya pembeni, akagonga moja kwa kidole.

"Hii inabeba magunia mangapi ya viazi?"

Nikafikiri. "Labda mawili, mama."

"Kijana wa bodaboda hapo stendi anabeba matatu," akasema, akaingia ndani kuweka chai.