Asilimia 2.75: Nani Anambeba Nani?

Chukua hati mbili za mshahara uziweke mezani. Moja ni ya bawabu anayelipwa Sh20,000 kwa mwezi, ya pili ni ya meneja wa Sh500,000. Katika viwango vya NHIF, bima ya afya ya taifa ya zamani, vilivyotumika tangu 2015, bawabu alikatwa Sh750 na meneja Sh1,700. Tangu Oktoba 1, 2024, SHA, Mamlaka ya Afya ya Jamii, iliporithi NHIF na kila aliyeajiriwa Kenya kuanza kukatwa asilimia 2.75 ya mshahara ghafi, bawabu anatoa Sh550. Meneja anatoa Sh13,750.

Hii ndiyo hoja nzito kuliko zote za watetezi wa SHA, na sioni wa kuipinga kwa moyo safi. Mfumo wa zamani ulimbana mnyonge ukamwachia mwenye nacho.

Lakini wanaopiga kelele zaidi si mameneja. Ni watu wa katikati, tuseme mwalimu wa Sh50,000. Alikuwa akikatwa Sh1,200, sasa Sh1,375. Nyongeza ya Sh175 haimnunulii hata nusu kilo ya nyama. Tena kuna hesabu ambayo nadra kuisikia: tangu mwisho wa Desemba 2024, makato ya SHA yanaondolewa kwanza kabla ya kodi ya mapato kupigwa. Kwa mwalimu huyu anayetozwa asilimia 30 kwenye shilingi zake za juu, SHA inamgharimu kama Sh963 hivi. Enzi za NHIF alipata nafuu ya kodi ya asilimia 15 tu ya makato hayo, akabaki na mzigo wa Sh1,020. Kwa hiyo analipa kidogo kuliko zamani, ila mwambie hivyo uone atakavyokutazama.

Atakutazama hivyo kwa sababu SHA haikuja peke yake. Ilikuta ushuru wa nyumba wa asilimia 1.5 umeshaketi kwenye hati, mchango wa uzeeni wa NSSF unapanda mwaka baada ya mwaka, na nchi bado ina makovu ya maandamano ya Juni 2024 dhidi ya Mswada wa Fedha. Mtu hahesabu kato mojamoja, anaangalia kinachobaki chini ya ukurasa. Tena sheria yenyewe ilifika na doa: Julai 2024 Mahakama Kuu ilisema ni kinyume cha Katiba, kwamba wananchi hawakushirikishwa vya kutosha, kabla ya Mahakama ya Rufaa kuruhusu utekelezaji uendelee.

Kinachomuuma mwalimu hasa ni kingine. Zaidi ya asilimia 80 ya wanaofanya kazi Kenya hawana hati ya mshahara. Ni watu wa jua kali, bodaboda, wavuvi, mama mboga. Sheria inawataka nao walipe asilimia 2.75 ya mapato ya kaya, isipungue Sh300 kwa mwezi. Kwa anayelipa kiwango hicho cha chini, huo ni unafuu, maana NHIF ilidai Sh500. Taabu ni kwamba michango ya mwaka mzima inadaiwa kwa mkupuo.

Sasa fikiria muuza sukumawiki pale soko la Kongowea, Mombasa. Anaulizwa maswali kwenye simu: paa ni la mabati au makuti? Maji anateka wapi? Choo ni cha aina gani? Anapikia nini? Majibu yanaingia kwenye mtambo, mtambo unakisia mapato yake, na deni la mwaka linatoka. Mtu huyu pesa yake huingia asubuhi na kutoka jioni. Kodi ya kibanda hulipa kwa siku, chama kwa juma. Mpango wa kulipa SHA polepole uliletwa 2025 kumpunguzia, lakini huo nao ni mkopo. Kwa hiyo anangoja. Akiugua ndipo anatafuta pa kulipia, na bima inayolipiwa na wagonjwa tu haiwezi kusimama bila kuegemea wale wasioweza kukwepa, yaani walimu na mabawabu.

Wapo wanaosema tuache kumfukuza mama mboga, tiba yake ilipiwe na hazina kuu kutokana na kodi. Naegemea upande huu. Mama huyu tayari analipa VAT ya asilimia 16 kila anaponunua sabuni, na kumtafuta nyumba kwa nyumba kwa ajili ya Sh300 ni gharama pia. Hata sheria imekubali nusu ya hoja hiyo: huduma za zahanati na vituo vya afya zinalipiwa na hazina kupitia mfuko wa afya ya msingi.

Ila wapinzani wetu wana jibu, na ni jibu linalouma. Mwaka 2001 huko Abuja serikali za Afrika, Kenya ikiwamo, ziliahidi kutenga asilimia 15 ya bajeti kwa afya. Kenya haijawahi kufika hapo. Fedha ya hazina hugombaniwa kila Juni, na mdai wa mikopo huhudumiwa kabla ya mgonjwa. Kato la mshahara angalau lina jina lake na mfuko wake.

Lingekuwa jibu kamili kama mfuko huo ungeaminika. Machi 2025 ripoti ya Mkaguzi Mkuu Nancy Gathungu ilisema mfumo wa kidijitali wa SHA, wa Sh104.8 bilioni, si mali ya serikali inayoulipia. Kwa mtu anayeambiwa pesa yake iko salama kwa sababu imetengwa, habari hiyo haisahauliki upesi.

Na bima yenyewe ina ukingo. SHA ilipoanza, kaya ilipewa hadi Sh550,000 kwa mwaka kwa matibabu ya saratani. Zikiisha, kundi la WhatsApp la kuchangisha linafunguliwa, nambari ya paybill inabandikwa juu, na orodha ya majina inaanza kukua: huyu 500, yule 1,000, mwingine "nitatuma mwisho wa mwezi". Wengi kwenye orodha hiyo wameshakatwa asilimia 2.75 yao.