Mstaafu na swali la cheti

Huku Uingereza mtu wa miaka sabini akisema anasoma jiolojia, haulizwi itamfaa nini. Nyumbani Tanzania swali hilo ndilo la kwanza. Si kwamba hatukuthamini elimu ya ukubwani: Mwalimu Nyerere aliutangaza mwaka 1970 kuwa wa elimu ya watu wazima, na Chuo Kikuu Huria kipo tangu 1992. Ila tumezoea kusoma kuishie kwenye mtihani.

Wenzetu wana Chuo Kikuu cha Umri wa Tatu, yaani umri wa baada ya kustaafu. Kilianzia Toulouse, Ufaransa, mwaka 1973, kikiwa chini ya chuo halisi. Kilipovuka kuja Uingereza miaka ya themanini mwanzoni, wahadhiri wakaachwa: wanachama hufundishana, hakuna mtihani wala cheti.

Hilo tunaliweza bila jengo. Watu sita hadi kumi watosha. Wakizidi hapo, wawili husema na wengine husinzia. Mada iwe nyembamba. "Historia" itawachosha kabla ya mwezi kwisha. Reli ya Kati, iliyoanza kujengwa 1905 na kufika Kigoma 1914, itawapa nusu mwaka: nani alitandika mataruma, kwa nini Kigoma, maji ya injini yalitoka wapi.

Mkutane asubuhi mara moja kila juma, kwa muda wa saa moja na nusu. Dakika kumi za mwanzo vitabu vifungwe, kila mtu aandike anachokumbuka cha juma lililopita. Hapo ndipo wengi hukata tamaa wakidhani akili imekwisha. Kinachopungua ni kasi ya kushika jambo jipya. Msamiati na maarifa ya siku nyingi hudumu. Kujiuliza bila kuchungulia, kesho yake, kisha baada ya siku tatu, kisha baada ya juma, hushinda kurudia ukurasa uleule mara tano. Na mkae duara, feni izimwe: anayedhaniwa msahaulifu pengine hasikii tu.

Kinachoua vikundi kwetu ni cheo. Aliyekuwa mkurugenzi huendelea kuwa mkurugenzi, basi kikao hugeuka hotuba. Uongozi uwe wa zamu, bila msamaha.

Huku nako wamepungukiwa: wazee husoma na wazee wenzao. Mkenya Kimani Maruge, aliyeanza darasa la kwanza mwaka 2004 akiwa na miaka 84, alisoma pamoja na watoto. Alikeni wanafunzi wawili wa sekondari. Watauliza yale ambayo watu wazima huoneana haya kuyauliza.