Tiketi ya familia, familia ya nani?

Binti wa dirisha la tiketi, kwenye jumba moja la kifahari hapa Ireland, alikuwa mpole, na hilo ndilo lililonikera zaidi, maana mtu mpole utamfokea vipi? Akatueleza kwa tabasamu kwamba tiketi ya familia ni ya watu wazima wawili na watoto wawili. Sisi tulikuwa mimi, mume wangu, watoto wetu watatu, mtoto wa dada yangu ambaye Jumamosi wazazi wake wote wako kazini, na mama yangu aliyekuja kutoka Tanga kutusalimia. Kwa hiyo familia iliyotambulika hapo ilikuwa ya watu wanne. Watatu waliobaki, sijui tumewaokota njiani. Mama aliyenizaa aliingia kwenye risiti kama mtu mzima wa ziada.

Sehemu yenyewe siitaji, kwa sababu si peke yake. Zunguka Dublin na vitongoji vyake, kwenye majumba ya kifahari, mashamba ya kuchezea watoto, maonyesho ya hiki na kile, utaikuta hesabu hiyo hiyo. Wakijikakamua sana wanakuongezea mtoto wa tatu. Nani alikaa kikao akaamua kwamba familia ni wanne? Na Ireland hii hii! Muulize jirani yako yeyote mwenye umri wa kuwa bibi amezaliwa na ndugu wangapi. Mzee wa nyumba ya pili kutoka kwetu anatoka kwenye tumbo la watoto kumi na mmoja, na ukitaka awataje wote kwa zamu, jiandae kunywa chai mara mbili. Familia hiyo ingefika kwenye lile dirisha wangeambiwa wauze ng'ombe kwanza.

Msiniambie kwamba haya ni mambo ya sisi Waafrika na ukoo wetu mrefu. Pita kwenye geti la shule yoyote saa nane mchana uone nani wamekuja kuchukua watoto. Bibi na babu, Waairishi kabisa, wenye makoti yao ya mvua na biskuti mfukoni. Hao ndio wanaolea nchi hii wakati wazazi wako kwenye foleni ya magari ya barabara kuu ya M50. Lakini ikifika Jumamosi ya kutoka, bibi ni ziada.

Bei yenyewe ningeimeza. Kilichonikaa kooni ni alichosema mama pale foleni. Alisikia, akapiga hesabu zake (alikuwa na duka, hesabu hazimpigi chenga), akanivuta pembeni: "Mwanangu, nendeni nyie na watoto. Mimi nitakaa hapa kwenye benchi, majumba nimeshayaona." Majumba ameyaona wapi? Mtu amesafiri Tanga mpaka Dar, Dar mpaka Ulaya, amebadilisha ndege na magoti yake yale, amefika kwa wajukuu, halafu anajitolea kukaa kwenye benchi la nje, upepo ule, ili sisi tuokoe noti. Hiyo ndiyo kazi ya tiketi ya namna hii. Haimfukuzi mtu. Inamfanya mtu mwenye haya zake ajitoe mwenyewe. Na wiki inayofuata ndani ya nyumba mnaanza kusema, bila ubaya wowote, "Mama apumzike tu, atachoka."

Basi alilipiwa, akaingia, akaona sahani za mabwana waliokufa zamani. Hazikumshtua.

Sasa nirudi kwetu, Waafrika wa hapa, kwa sababu na sisi tuna letu. Kwenye kundi la WhatsApp kila likizo mtu anauliza: watoto niwapeleke wapi? Na kila likizo majibu ni yale yale: zoo, ngome, Guinness. Kiwanda cha bia, jamani, na watoto wa miaka sita! Tumejiaminisha kwamba matembezi bila risiti si matembezi. Wakati mji huu vitu vyake vizuri kuliko vyote umeviacha wazi, havina dirisha, na hakuna anayekuuliza mko wangapi.

Jumamosi iliyofuata tulikwenda Phoenix Park. Hekta 707 ndani ya ukuta, Rais wa nchi anaishi humo humo, na geti halina mtu wa kukuhesabu. Tulikuwa na hotpoti la pilau na kachumbari kwenye kopo la aiskrimu, tukatandika mkeka wetu kwenye nyasi, mvua ikaja, ikaondoka, ikarudi kuchukua ilichosahau, tukaendelea kula. Paa wa humo wana asili ya wale walioletwa na mtawala wa Kiingereza miaka ya 1660 kwa ajili ya kuwindwa, na leo wanatembea wanavyotaka. Mama aliwatazama kwa muda mrefu akasema, "Hawa wangekuwa kwetu wangeshaliwa." Wasimamizi wa bustani wanaomba mtu asiwasogelee chini ya mita 50 wala asiwalishe. Mtaona watu wanawapa karoti wapige picha. Msiwaige.

Zoo nayo iko ndani ya bustani hiyo, tangu 1831, na nakubali kwa shingo upande kwamba ni nzuri. Simba aliyekuwa akitazama huku na huku mwanzoni mwa filamu za kale za MGM alizaliwa hapo mwaka 1919. Watoto wangu twiga wao wa kwanza walimwona hapo pia, nimevaa glovu, nimelipa euro, mtoto wa baba wa Arusha. Nilicheka ili nisilie.

Lakini kama una mgeni mmoja tu na mchana mmoja tu, mpeleke makumbusho ya Chester Beatty. Iko kwenye bustani ya nyuma ya Dublin Castle, bure, na bado nakutana na watu wetu wenye miaka kumi hapa hawajawahi kupanda zile ngazi. Mle ndani mna Qurani aliyoiandika Ibn al-Bawwab kule Baghdad mwaka 391 wa Hijria, yaani zaidi ya miaka elfu iliyopita. Mna nyaraka za Mtume Paulo zilizoandikwa kwenye karatasi za mafunjo, karibu mwaka 200 baada ya Kristo. Kurasa zinazowekwa nje hubadilishwa, kwa hiyo usiende na oda yako kichwani. Mama alisimama mbele ya msahafu mmoja, akainama mpaka paji la uso likakaribia kioo, akaanza kusoma. Kwa sauti. Watu wakapunguza hatua. Mwanangu mdogo akauliza kwa nini Bibi anajua kusoma kitu cha makumbusho, na mimi nilikosa la kumjibu haraka, nikamwambia muulize mwenyewe. Akamuuliza. Wakakaa hapo kwa muda, kidole kikifuata herufi juu ya kioo, na mlinzi akatazama pembeni.

Huyo Beatty mwenyewe alikuwa tajiri wa migodi, Mmarekani wa kuzaliwa, aliyehamia Dublin mwaka 1950 na kupewa uraia wa heshima wa Ireland 1957. Alipokufa 1968 aliuacha mkusanyo wake kwa faida ya umma. Ni jambo jema, ahsante. Ila sehemu ya utajiri wake ilitoka kwenye shaba ya nchi inayoitwa leo Zambia, kwa hiyo ukiingia bila kulipa usione haya sana. Majirani zetu walishalipa.

Mengine kwa mbio. Makumbusho ya Taifa pale Kildare Street ni bure, na watoto wakubwa watapenda maiti za watu wa kale zilizohifadhiwa na tope la mboji mpaka vidole unaviona; mdogo wako akiwa mwoga mpitishe kwenye dhahabu. Jumapili wanafungua saa saba mchana, msiende alfajiri. Bull Island panda treni ya DART, shuka Raheny, pita bustani ya St Anne's kwa miguu, utatokea kwenye kisiwa cha mchanga ambacho miaka mia mbili na kidogo iliyopita hakikuwepo. Walijenga ukuta baharini kulinda njia ya meli, wakamaliza 1825, mchanga ukajikusanya wenyewe nyuma yake. Howth, kijiji cha wavuvi, kuna sili bandarini na foleni ya chipsi. Foleni ni ndefu kuliko matembezi.

Najua mtu atanitajia Newgrange. Haya. Kaburi la miaka elfu tano na zaidi, limetangulia piramidi za Giza, na siku fupi kuliko zote za mwaka jua la asubuhi linaingia kwa kitundu cha juu ya mlango na kuangaza chumba cha ndani kwa dakika kama 17. Kuwa ndani asubuhi hiyo ni kwa bahati nasibu. Siku nyingine unakata tiketi mapema, unapandishwa basi, unaingia kwa zamu. Hapo nalipa. Nanung'unika, lakini nalipa.

Glendalough, bonde lenye magofu ya watawa wa kale, ni pazuri mno na hakuna wa kukutoza kuutazama ule mnara wala yale maziwa mawili. Tatizo ni kufika. Bila gari unategemea mabasi machache, na ukiwa na gari Jumapili yenye jua ukichelewa kidogo maegesho yamejaa, unarudi umeona makalio ya magari ya wenzako tu. Mashambani kwa jumla nchi hii haijamfikiria mtu asiye na gari, na sehemu za bure si za bure kama nauli na mafuta yamekula akiba ya wiki. Hilo sina majibu yake.

Safari inayofuata ni Tara, kule Meath, kilima walikotawazwa wafalme wa zamani. Mwaka 1843 Daniel O'Connell, kiongozi wa siasa wa Waairishi, aliita watu hapo, wakaja mamia ya maelfu, na sidhani kama kuna aliyeambiwa yeye ni wa ziada. Kilima kiko wazi siku zote. Barabara kuu ya M3 mtatozwa, lakini wale wanahesabu gari, si vichwa. Mama anakaa mbele. Vaeni viatu vya tope, na geti mkipita mlifunge, kuna kondoo.