Filamu ya mapanki na mizani ya ushahidi

Darwin's Nightmare, filamu ya hali halisi ya mwongozaji Mwaustria Hubert Sauper iliyotoka mwaka 2004, Watanzania wengi waliijua kwa jina jingine: filamu ya mapanki, yaani vichwa na mifupa ya samaki inayobaki baada ya minofu kuchukuliwa. Ilipigwa Mwanza, kando ya Ziwa Victoria, na habari yake ni sangara, samaki aliyepandikizwa ziwani enzi za ukoloni, akala furu, samaki wadogo wa asili wa ziwa hilo, mpaka aina zao nyingi zikatoweka, kisha minofu yake ikawa ya kusafirishwa Ulaya kwa ndege za mizigo. Huko Ulaya filamu ilipewa tuzo, ikafika hadi kuwania Oscar. Nyumbani, Rais Jakaya Kikwete aliilaani hadharani mwaka 2006, na watu wakaandamana Mwanza kuipinga. Mabishano yakawa ni kama filamu ile ni ya kweli au ya uongo. Naona swali hilo halikutufikisha mbali, kwa sababu ndani yake mna ushahidi wa aina mbili, na kila aina inadai hukumu yake.

Aina ya kwanza ni kile ambacho kamera ilikiona. Vichwa na mifupa iliyobaki baada ya minofu kuchukuliwa inamwagwa kutoka kwenye malori, inaanikwa juu ya vichanja, na mwanamke anayefanya kazi hapo anasimama katika tope lenye funza. Mlinzi wa usiku anakaa na upinde na mishale yenye sumu, na anaeleza kwa utulivu kwamba vita ingemletea ajira jeshini. Sauper hamkatizi wala hamsahihishi. Anamwachia muda mpaka mtazamaji aelewe ni umaskini gani unaomfanya mtu aitamani vita. Picha hizi hazikanushwi kwa kusema kwamba zinaichafua nchi. Hata mwanahistoria Mfaransa François Garçon, mkosoaji mkali kuliko wote, alipodai kwamba watoto wa mitaani walilipwa ili waigize, mahakama ya Paris ilimtia hatiani mwaka 2008 kwa kumkashifu mwongozaji.

Aina ya pili ni kile kinachodokezwa kwa kupanga picha, na hapa naungana na wakosoaji. Filamu inadokeza kwamba ndege zinazochukua minofu huja na silaha. Marubani wanaulizwa tena na tena ndege zinaleta nini Mwanza, nao wanajibu kwamba zinakuja tupu. Mwishoni mmoja wao anakiri, kwa uchungu unaoonekana usoni, kwamba aliwahi kupeleka shehena ya kivita Angola na kurudi Ulaya na zabibu. Ungamo hilo ni zito, lakini ni la Angola. Hakuna mahali tunapoonyeshwa silaha zikishushwa Mwanza, na bado mtazamaji anatoka akiamini kwamba ameziona.

Sauper amejitetea kwa kusema kwamba filamu hiyohiyo angeweza kuitengeneza kwingine, kuhusu almasi, ndizi au mafuta. Kwangu utetezi huo ndio unaofichua kasoro. Mji ukigeuzwa mfano wa dunia nzima, yale yanayoupa sura yake yenyewe huanguka wakati wa kuhariri: mvuvi aliyejenga nyumba kwa fedha za sangara, mchuuzi wa mapanki anayejua bei na wateja wake, mama lishe wa mwaloni. Mwenye kiwanda yumo, na maofisa wa Ulaya wamo. Tabaka la katikati, ambalo lingetuonyesha nani hasa anapata na nani anapunjwa, karibu halimo kabisa.

Pamoja na hayo, kosa la kuhariri hujibiwa kwa takwimu za viwanda, kwa orodha za mizigo ya uwanja wa ndege, na kwa filamu nyingine. Serikali ilikuwa na uwezo wa kutoa vyote hivyo. Badala yake, mwandishi wa habari wa Mwanza aliyezungumza mbele ya kamera alikamatwa na uraia wake ukatiliwa shaka, wakati mwongozaji alikuwa salama Ulaya. Mwongozaji huru anayesifiwa kwa ujasiri wake anapaswa kupimwa pia kwa jinsi alivyowaandaa watu wa namna hiyo kwa siku ambayo filamu ingetoka.