Anayetaka sheria ya makampuni aanzie kwa jaji gani?

Katika vyuo vya sheria vya Marekani bado kuna ushauri kwamba anayetaka kuandaa mikataba ya ununuzi wa makampuni hana haja ya kuwa msaidizi wa sheria wa jaji (law clerk), kazi ya kama mwaka mmoja baada ya chuo; nafasi hizo waachiwe watakaoendesha kesi. Siukubali. Ila mahakama ichaguliwe kwa aina ya kesi zake, wala si kwa ukubwa wa jina.

Mahakama za rufaa za shirikisho zina heshima kubwa, lakini huko unaweza kumaliza mwaka mzima ukisoma majalada ya jinai na uhamiaji. Tazama kwanza Mahakama ya Chancery, mahakama ya jimbo la Delaware iliyoanzishwa mwaka 1792. Haina juri: jaji mmoja husikiliza ushahidi, huamua na kuandika sababu zake. Makampuni mengi makubwa ya Marekani yamesajiliwa katika jimbo hilo, kwa hiyo ugomvi wa bodi na wanahisa huishia hapo, na huenda mbio. Twitter ilimshtaki Elon Musk Julai 2022, alipotaka kuacha kuinunua. Kesi ikapangiwa siku tano za Oktoba mwaka huohuo.

Faida yenyewe inaonekana katika kesi ya AB Stable, iliyoamuliwa mwaka 2020. Mnunuzi wa hoteli 15, kwa dola bilioni 5.8, alitaka kujitoa baada ya korona kuingia. Hoja yake kwamba biashara imepata madhara makubwa ilishindwa, kwa sababu mkataba uliliondoa janga la aina hiyo katika tafsiri ya madhara hayo. Akashinda kwa kifungu kingine: muuzaji aliahidi kuendesha biashara kwa namna ileile ya siku zote, kisha akafunga baadhi ya hoteli na kupunguza huduma bila kupata kwanza ridhaa ya mnunuzi. Mahakama ya Juu ya Delaware ikaafiki mwaka 2021. Kifungu hicho wanasheria wengi walikuwa wakikinakili tu kutoka mkataba wa zamani. Aliyemsaidia jaji kukipima neno kwa neno hatakinakili tena kwa mazoea.

Ukivutiwa zaidi na makampuni yaliyolemewa na madeni, mahakama za ufilisi za Delaware na New York zinafaa vilevile.

Maombi kwa majaji wa shirikisho kwa kawaida hupitia OSCAR, mfumo wa maombi wa mtandaoni. Kwa Chancery, fuata maelekezo ya kila jaji. Andaa barua, wasifu, matokeo ya masomo, barua za mapendekezo na sampuli ya maandishi. Wengi huangushwa na sampuli: imehaririwa na watu wengine mpaka sauti ya mwombaji imepotea, au ni waraka wa ofisi uliotumwa bila ruhusa, siri za mteja zikiwemo. Usiombe kwa jaji ambaye usingependa kumfanyia kazi, maana desturi ni kukubali mara tu anapokupa nafasi.

Ukiwa tayari umeahidiwa kazi na ofisi ya mawakili, mwambie jaji mapema, kwani hutagusa kesi za ofisi hiyo. Katika Wilmington, mji wa Delaware, ofisi chache hujitokeza katika kesi nyingi, hivyo ahadi hiyo inaweza kukukosesha kesi ulizozifuata.

Mwaka huo haufundishi kukagua nyaraka za kampuni inayouzwa wala kukamilisha mauzo, na mshahara ni mdogo kuliko wa ofisi kubwa. Kabla ya kukubali, iulize ofisi unayoiendea, na upate jibu kwa maandishi: bonasi ya waliotoka mahakamani inahusu mahakama ya jimbo? Na mwaka huo utahesabiwa katika ngazi yako ukiingia idara ya mikataba?