Naondoka Wakati Wowote

Nyumba yangu hapa Mbagala haijaona rangi tangu 2007, na sio kwamba nimefulia, yani nimefulia kweli ila hiyo sio sababu. Sababu ni kwamba tangu mwaka huo mi naondoka.

Dada yangu yuko Marekani, alipopata uraia wa kule akajaza fomu ya kuniombea viza ya kuhamia, Februari 2007, akanipigia simu akasema mdogo wangu jiandae. Nikajiandaa. Nilikuwa kijana wa miaka 27, kapera, nywele kichwa kizima. Nikauza kochi.

Sa we niambie, nani anapaka rangi nyumba anayoihama? Nikaoa, tukakaa kwenye mkeka, kila nikitaja kochi jipya mke wangu anauliza tutamwachia nani. Dukani kwa Mangi ndo kabisa, mtaa mzima unakopa unga mi ananiambia Mmarekani we lipa keshi maana unaondoka wakati wowote. Wakati wowote gani huo wa miaka 17 jamani!

Kumbe kaka na dada ndo tuko mkiani kabisa mwa foleni ya familia, viza 65,000 kwa mwaka dunia nzima basi. Kila mwezi wanatoa jedwali la tarehe, unaangalia kama tarehe yako ya kuombewa imefikiwa, na kuna miezi jedwali linarudi nyuma kama daladala iliyokosa abiria. Nimelichungulia hilo jedwali toka enzi za Kikwete, akaja Magufuli, akaja mama Samia, mi nachungulia tu. Wakati naombewa dola ilikuwa 1,250 hivi, siku nalipia ada ya viza ishagonga 2,600, na kila kichwa ni dola 325, hata kichwa cha binti yangu wa miaka 7 ambacho ndani kuna katuni tupu. Tuko vichwa vinne. Piga mwenyewe hiyo hesabu, mi nikiipiga nalia.

Mahojiano yakatoka, Julai 2024, Nairobi, maana viza za kuhamia Wabongo tunahojiwa kule. Kabla ya kuondoka nikaenda kupiga picha, inchi 2 kwa 2, nyuma nyeupe, miwani hakuna. Yule dogo wa studio akanipa picha nimevaa suti ambayo sijawahi kuimiliki na uso mweupe kama nimelelewa kwenye friji. Namwambia dogo huyu sio mimi, ananijibu bro huko unakoenda si ndo utakuwa hivyo. Rudia picha. Hela nyingine.

Nairobi mwezi wa 7 ni friza, na mi ni fundi friji najua ninachosema. Tumetoka Dar na basi tumevaa kandambili, tumeshuka asubuhi tunatetemeka kama kuku wa mvua. Naingia hotelini nasema samahani dada, naomba chai ya maziwa na maandazi mawili tafadhali, yule dada akageuka akaita wenzake waje wasikie nirudie. Pembeni yangu jamaa kasema tu "nipe chai" na kaletewa kabla yangu.

Siku yenyewe mke wangu katukaririsha toka saa kumi alfajiri. Usiseme "labda". Usicheke. Ukiulizwa ndugu usianze hadithi zako. Simu tumeziacha gesti, tumeingia ubalozini na bahasha ina vyeti vya kila kitu, cha kuzaliwa changu, cha dada kuonyesha tumetoka kwa mama mmoja, cha ndoa, ilibaki cheti cha ubatizo wa paka tu. Tumeitwa dirishani, tunaambiwa tunyooshe mkono wa kulia tuape, binti yangu kanyoosha yote miwili kama kashikwa na polisi.

Ofisa mwenyewe mpole tu, yuko nyuma ya kioo, pembeni mkalimani Mkenya. Swali la kwanza, "uko na ndugu wangapi?"

Jamani hilo ni swali la kumuuliza Mswahili? Ndugu! Nikauliza wa tumbo moja au ndugu ndugu? Mke wangu akanikanyaga mguu. Nikasema watatu, na mi wa nne, kama fomu inavyosema. Safi. Ofisa kacheka kidogo, kaona amchangamshe mtoto, kamuuliza unaenda kwa nani?

"Kwa shangazi."

Shangazi yupi? Hapo mtoto akatoa vidole. Shangazi wa Tandika, shangazi wa genge, shangazi wa vitenge, shangazi mnene, shangazi anayemdai baba, na shangazi wa kwenye simu. Mkalimani anatafsiri mmoja mmoja bila huruma, ofisa anaandika, mi jasho linanitoka kwenye baridi ile. Fomu ina dada wawili, mtoto kafika sita na vidole bado anavyo!

Nikaanza kujieleza. Wa genge ni jirani tu, wa Tandika ni mtoto wa baba mkubwa. Ofisa akauliza huyo baba mkubwa ni baba yako? Nikasema ndio. Hapana. Yani ni baba, ila hakunizaa. Nikakanyagwa mguu wa pili. Mkalimani akamnong'oneza kitu kirefu, nahisi alimwambia achana nao hawa, hata kwetu iko hivyo, maana ofisa kavuta pumzi kaendelea na makaratasi.

Vyeti vyote viko sawa. Akamwangalia kijana wangu, una miaka mingapi? 16, kafikisha mwezi uliopita. Cheti cha polisi kiko wapi?

Kuanzia miaka 16 kila mtu anatakiwa cheti cha polisi kuonyesha hana rekodi ya makosa. Wakati natuma makaratasi alikuwa na 15, hakitakiwi, nikasahau kabisa kwamba watoto huwa wanakua. Huyu mtoto kazaliwa 2008, foleni kaikuta, kaota ndevu humo humo kwenye foleni, halafu ndo yeye anatukwamisha. Tukapewa karatasi yenye tiki sehemu moja, leteni hiki kwanza. Dakika 10 hazikufika.

Tukapanda basi tukarudi Dar. Juzi nimempeleka kuchukuliwa alama za vidole, njia nzima ananiuliza baba nimefanya kosa gani, nikamwambia kosa lako umekua. Karudi nyumbani na wino vidole vyote kumi, badala ya kwenda kunawa kajifutia ukutani pale sebuleni, ukuta mzima vidole. Mama yake kaja juu na mwiko mkononi.

Nikamwambia mwache bana, si tunaondoka.